Siku Kumi na Mbili Bila Kukatika

Mimi ni fundi wa mtandao, na kabla hujaniuliza, ndiyo, ni mwanamke. Wateja hufungua geti, wananitazama, wanachungulia nyuma yangu, kisha wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nawajibu kwamba fundi ndiye huyu aliyebeba ngazi. Miaka kumi na moja ya kazi hii ilinifundisha kwamba laini mara chache huwa na kosa. Kosa ni la mwenye nyumba. Kachomoa waya ili apige pasi, au kaificha ruta nyuma ya friji, halafu anaapa mbele yako kwamba imeharibika yenyewe. Ndivyo nilivyoamini, na kwa imani hiyo nilimtendea mama wa watu jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka chakula hakipiti.

Simu ya kwanza ilitoka ughaibuni. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya mtu asiyelala vya kutosha, na alianza kwa kuomba radhi kana kwamba kuharibikiwa na mtandao ni utovu wa adabu.

"Dada fundi, samahani kwa usumbufu. Ile nyumba ni ya mama yangu. Alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia hauna nguvu, hasemi, haandiki. Anatembea kidogo kwa mkongojo, akishika ukuta."

"Anaishi na nani?"

"Na kijana wa mdogo wake, mdogo wangu huyo. Ndiye anayemlea. Mimi huku niko kwenye ghala la nyama, napiga zamu mbili, na siwezi kurudi hadi karatasi zangu zikamilike. Nimeweka kamera mbili, moja sebuleni, moja chumbani kwake. Kila nikifungua simu namwona. Ananipungia mkono wa kushoto, dada, mkono mzima juu juu hivi. Mtandao ukikatika simwoni. Sijui kala au kaanguka. Nakuomba sana."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa mtaa wa pili tu, nikageuza pikipiki.

Nyumba ilikuwa ya ukuta mrefu na geti la bati, kimya kabisa. Nilibonyeza kengele mara tatu. Hakuna. Nikiwa naanza kulaani moyoni, kijana akatokea, si kutoka ndani, bali kutoka barabarani, anakaribia kukimbia, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho na funguo ziko mkononi tayari.

"Nilitoka dukani mara moja, dada yangu. Pole sana kwa kusimama juani. Karibu, karibu, jisikie nyumbani."

Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alinishikia ngazi, akanifutia kiti kwa leso yake mwenyewe, akaniuliza kama watoto wangu hawajambo, na sina mtoto. Kichwani mwangu nikampa jina la Mstaarabu.

Ruta ilikuwa kwenye korido, juu ya kimeza kifupi kando ya mlango wa chumba cha mama. Taa zote zimezimika. Niliinama nikaikuta plagi sakafuni, imetoka kwenye soketi. Basi. Nimegeuza pikipiki na kusimama juani kwa ajili ya plagi! Niliirudisha, taa zikawaka moja moja hadi ile ya kijani ikatulia, nikampigia mwana ughaibuni. "Picha imerudi! Lakini mama yuko wapi? Chumbani simwoni. Sebuleni hayupo."

Kweli, alikuwa ameketi kwenye stuli mwisho wa korido, mahali ambapo kamera zote mbili hazifiki. Mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimekatwa chini, mkongojo umelazwa mapajani. Alinikazia macho, hayo macho siyasahau.

"Shikamoo mama," nikasema. "Mtandao umerudi, mwanao anakuona sasa."

Akainua mkono wa kushoto kunielekea. Mstaarabu akaudaka njiani, akauweka chini taratibu, akampapasa bega. "Amefurahi," akasema.

Wiki iliyofuata simu ikaja tena. Mwana yule yule, ombi la radhi lile lile. Safari hii nilifika nikakuta kila kitu kinafanya kazi. "Umejirudi wenyewe," akasema Mstaarabu akicheka kwa aibu. Loo! Hapo ndipo hasira zangu hupanda. Mtandao haujirudi wenyewe kama paka. Nilifungua kumbukumbu za ruta kwenye simu yangu, na hizo hazina mdomo wa kudanganya: umeme ulikatika kwenye ruta saa mbili na dakika arobaini asubuhi, ukarudi saa tatu na robo, ilhali asubuhi ile umeme wa mtaa haukukatika hata kidogo.

"Kuna mtu anachomoa plagi hii," nikasema.

Mstaarabu aliangalia sakafu. Alinisogeza pembeni, akashusha sauti. "Nisingependa kumsema Mama Mkubwa wangu, dada. Amenilea yule. Lakini tangu kiharusi, akili hazijatulia. Anachomoa vitu. Juzi kachomoa friji."

Nikaamini palepale. Si nilishasema? Kosa ni la mwenye nyumba. Nilijiona mjanja kwa kuligundua kwa dakika tano.

Nilipogeuka, mama alikuwa amenifikia bila mimi kusikia. Akanikamata kifundo cha mkono. Jamani, sikutegemea nguvu ile kutoka kwa mtu mwembamba vile. Akanivuta hatua mbili tatu, akauachia mkono wangu, akanyoosha kidole kwenye mlango mkubwa wa mbele. Akakitikisa kile kidole. Mlango. Mlango. Koo lake likatoa sauti kama ya mtu anayenyanyua mzigo.

Mimi nikaona ananifukuza.

Nakwambia ukweli, niliumia. Nimetoka kwangu, nimekuja kumsaidia, halafu ananionyesha mlango mbele ya kijana wake. "Haya mama, naondoka," nikasema, na sikusema kwa upole. Mstaarabu alinifungulia kwa ufunguo, na nilipokuwa natoka nikamsikia anaufunga tena nyuma yangu, makomeo mawili. Nilidhani ni mwangalifu, kwa kuwa mtaa ule una wezi.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne. Safari hii msimamizi wangu ofisini ndiye aliyenipigia, naye anapopiga huwa hasalimii. "Nyumba moja mara tatu kwa mwezi mmoja? Wewe unafanya kazi au unaenda kutembea?" Damu ilinichemka. Sisi mafundi tuna mtindo wetu, hakuna kitabu kilichouandika lakini kila mtu anaujua: kifaa kikichezewa mara tatu, kitoe kwenye mikono ya watu. Tumefanya hivyo kwenye shule, kwenye baa, kwenye nyumba zenye watoto watundu. Nilipitia stoo nikachukua kisanduku cha bati chenye kufuli.

Nilimpigia mwana kwanza kumweleza. "Ni mama ndiye anayechomoa," nikamwambia. "Nitaiweka ruta juu karibu na dari, ndani ya kisanduku. Umeme nitautoa kwenye waya wa taa, hakutakuwa na plagi ya kuchomoa. Hutapoteza picha tena."

"Lakini kwa nini achomoe, dada?" akauliza. " Mama anapenda nimwone."

"Uzee, kaka. Wazee wana vituko."

"Sawa," akasema polepole. "Wewe ndiye fundi."

Nilipanda ngazi nikatoboa ukuta. Nilifunga skrubu nne za urefu wa kidole, nikapitisha waya ndani ya bomba ili usionekane, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Kazi safi, sitajidai kinyume. Mstaarabu alisimama chini akinipa vifaa kimoja kimoja na kunisifu hadi nikaanza kuona haya.

Mama alikuwa kwenye stuli yake. Nilipokaza skrubu ya mwisho alianza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi tu, yanashuka upande mmoja wa uso unaofanya kazi na upande mwingine usiofanya. Nikatazama. Nilisimama pale kwenye ngazi na drili yangu, nikamtazama mama mtu mzima akilia kwa ajili ya kisanduku cha bati, na moyo ukanisuta kidogo.

"Analia nini?" nikauliza.

"Wagonjwa wa kiharusi hulia ovyo," akajibu Mstaarabu. "Daktari alishatuambia."

Nikashuka, nikakunja ngazi. Kwenye karatasi ya kazi niliandika: tatizo limetatuliwa.

Mtandao haukukatika tena. Siku moja, siku tano, siku kumi, hata dakika moja haukukatika. Mwana alinitumia ujumbe wa shukrani mrefu mpaka nikausoma kwa awamu. Alisema sasa anamwona mama yake saa zote, ingawa siku hizi analala sana na hampungii mkono kama zamani, lakini ndugu yake kamwambia ni dawa mpya na amwache apumzike. Nikajibu kwa kumtakia mama afya njema.

Jumapili ile nilikuwa na zamu ofisini peke yangu, hakuna simu. Nikaamua kutoa kumbukumbu za nyumba ile nizichapishe, nimbandikie msimamizi mezani asubuhi ya Jumatatu ili ajue nani anafanya kazi na nani anatembea. Siku kumi na mbili bila kukatika! Ruta zetu zinaonyesha pia vifaa vilivyoungwa na saa vilivyoingia na kutoka. Nyumba ile ilikuwa na vifaa vinne: kamera mbili, televisheni na simu ya Mstaarabu. Mimi nilitaka ule mstari wa juu tu, wenye sifa zangu. Macho yakashuka yenyewe.

Simu ya Mstaarabu: imetoka Ijumaa, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Haijarudi.

Nilitazama saa ya ukutani. Jumapili, saa nne kasoro asubuhi.

Labda kazima waifai, nikajiambia. Labda kanunua simu nyingine. Nilinyanyuka nikatengeneza chai, nikakaa, nikainuka tena. Chai ikapoa bila kuguswa. Kisha nikarudi kwenye mashine nikavuta kumbukumbu za nyuma, mwezi mzima. Kila siku ya kazi simu ile ilitoka saa mbili na dakika kumi. Karibu kila siku ilirudi jioni, saa kumi na moja au kumi na mbili. Hakuwa anatoka dukani mara moja. Alikuwa anaondoka kutwa, na mama anabaki peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa makomeo mawili.

Na zile siku tatu ambazo mtandao ulikatika? Simu inatoka saa mbili na dakika kumi. Nusu saa baadaye, alipokwisha kuwa na hakika kwamba kijana ameenda, plagi inatoka ukutani.

Mungu wangu. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na ningetoa chochote nisielewe. Mama hakuwa na ulimi wa kusema wala mkono wa kuandika. Akipunga mkono kwa kamera, mwanawe anafurahi kwamba anamsalimia. Kitu kimoja tu katika nyumba nzima kilikuwa kinaleta watu: akichomoa plagi, mwana anapiga simu, kijana anarudi mbio, fundi anakuja. Alikuwa ananiita. Mara tatu aliniita, na nilikuja mara tatu. Na alipoonyesha mlango hakuwa ananifukuza. Alikuwa ananionyesha kufuli.

Nilimpigia mwana nikiwa tayari juu ya pikipiki, simu nimeibana ndani ya kofia ngumu.

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Nyumbani na mama. Amenitumia ujumbe asubuhi hii: amekula, amelala."

"Hayupo nyumbani, kaka. Tangu Ijumaa hayupo. Simu yake haijaingia kwenye mtandao wenu kwa siku mbili."

"Dada, hebu tulia. Namwona mama hapa hapa. Amelala, amejifunika blanketi."

"Jana alikuwaje?"

"Amelala."

"Blanketi limekaa vile vile?"

"Vile vile," akasema. Nilipita taa nyekundu, mwenye lori akanitukana, na alikuwa na haki.

"Kamera ile ina spika," nikasema. "Mwite."

"Mdogo wangu alinikataza. Alisema sauti inamshtua mama."

"Mwite!"

Nilifika nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda, nikaivuta juu, nikashukia upande wa pili. Uani nguo zilikuwa bado kwenye kamba, zimekauka hadi zimekuwa ngumu. Na nikiwa pale nikaanza kusikia sauti ya mwana mara mbili: mara moja sikioni mwangu, na mara moja kutoka dirishani, ikiita ndani ya nyumba tupu.

"Mama. Mama, ni mimi. Mama, geuka kidogo nikuone."

Mlango ulikuwa wa chuma. Nilitoa drili, nikaweka kekee nene kuliko zote, nikaielekeza katikati ya kitasa. Chuma kililia. Vipande vya moto viliniruka usoni na sikujali. Komeo la kwanza, la pili. Betri ilikuwa inakaribia kufa mlango ulipoachia.

Harufu ilinipokea, ya mkojo na ya nyumba iliyofungwa. Nilikimbilia chumbani. Kitandani kulikuwa na blanketi lililokunjamana juu ya mito miwili, ukitazama kwa mbali utasema mtu. Juu ya kabati kamera ilikuwa na taa yake ya bluu, na sauti ya mwana ikatoka humo, "Dada, nakuona! Mguse, mwamshe!" Siku mbili mtoto wa watu alikuwa anatazama blanketi.

Mama alikuwa kwenye korido. Nilikuwa nimempita bila kumwona, kwa kuwa alikuwa ukutani, chini kabisa, chini ya kisanduku changu. Stuli yake ilikuwa imepinduka karibu naye. Ukutani, kwenye rangi, kulikuwa na michirizi ya mkongojo, mingi, inaanzia usawa wa kifua na kwenda juu. Mirefu kuliko yote iliishia shubiri moja chini ya kile kibati. Alikuwa amepanda stuli. Mwanamke mwenye upande mmoja alipanda stuli, na mguu wake sasa ulikuwa umelala vibaya, umevimba kutoka nyongani.

Nilipiga magoti. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nikadhani tumechelewa, kisha jicho moja likafunguka.

"Mama! Mama, nijibu!" ikaita sauti kutoka chumbani.

Alimsikia. Niliona alimsikia, kwa sababu mkono wa kushoto uliinuka kutoka sakafuni, ukaanza kupunga, polepole, kuelekea mlango wa chumba ambako hakuna aliyeweza kuuona. Nilishindwa kuvumilia. Nililia kwa sauti kama mtoto, nikamlowesha midomo kwa maji ya chupa yangu, nikasema kwenye simu, "Yuko hapa kaka. Yuko na mimi. Anakupungia."

Alifariki hospitali Jumanne alfajiri, ndege ya mwanawe ikiwa bado angani. Daktari alisema ni nyonga na ni ukosefu wa maji, na kwamba kwenye damu kulikuwa na dawa za usingizi za kumlaza mtu mzima mwenye afya zake. Mstaarabu alikamatwa kwa mwanamke wake, mji mwingine, akiwa na shati jeupe na simu iliyojaa ujumbe wa amekula, amelala. Polisi waliniambia aliwakaribisha vizuri sana.

Mwana alinitafuta baada ya maziko. Nilitegemea anipige, na ningemwachia anipige. Alikuja ofisini, mtu mrefu mwenye mabega ya kubeba mizigo, akakaa kwenye kiti cha wateja na mikono katikati ya magoti. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Sikulaumu, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwona kila siku. Nina swali moja tu. Siku ile nilikuuliza kwa nini mama anachomoa, ukaniambia uzee. Ulipokuwa juu ya ngazi unafunga kile kisanduku, ukamwona analia, ulifikiri analilia nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, ya daktari alishatuambia, ya msimamizi, ya mara tatu kwa mwezi mmoja. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mama yake.

"Sikufikiri," nikamwambia. "Nilikuwa nasikiliza kama skrubu imekaza."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuja kuchukua. Akainuka, akanishukuru kwa kuvunja mlango, akatoka.